Kiazi cha Namba na Uvungu wa Kitanda Changu

Jumapili, 4 Mei

Umepotea. Usinune, wewe unayesoma, nakwambia wewe. Mara ya mwisho ulikuja na mkoba mdogo, ukala, ukalala, ukaniaga mlangoni na kiatu kimoja mguuni, ukasema bibi, nitarudi hivi karibuni. Hiyo hivi karibuni imeshaota ndevu. Umetutupa jongoo na mti wake, mjukuu wangu. Simu unapiga, sikatai. Lakini simu haioshi sahani, wala haiwezi kukumbatiwa.

Basi nimeamua. Habari zote unazozikosa naziandika humu. Siku utakayokuja utakaa kwenye kile kiti cha jikoni uzisome zote, ndipo upewe chakula. Mwandiko wangu uuvumilie. Shule sikuingia hata kuchungulia. Herufi nilizipata kwa baba yako alipoanza darasa la kwanza. Yeye mezani anazitamka, mimi kwenye moto nakoroga na kuzirudia. Yeye alizisahau likizo ilipofika. Mimi bado ninazo.

Sasa habari yenyewe. Tuna vita mtaani, na vita ni ya viazi.

Unamjua Mashavu, kiazi changu chekundu. Mbegu yake naitunza mimi tangu babu yako yu hai. Inalala uvunguni mwa kitanda changu kwenye makasha, mahali penye mwanga kidogo, mpaka ichipue. Wakati wa kupanda ukifika, kikundi chote cha bustani za nyumbani kinakuja kwangu kuchagua mbegu, na kila mtu anapiga magoti kando ya kitanda. Hata mwenyekiti wetu, fundi cherehani, pamoja na goti lake bovu. Wanachagua, wanabishana, wanakunywa chai, wanasengenya, wanakaa mpaka nawafukuza kwa ufagio. Mlango wangu haufungwi.

Sasa bwana shamba, yule kijana wa ofisi ya kilimo, ametuletea kiazi kipya kilichozalishwa na wataalamu huko kituoni kwao. Cheupe, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Jina hakina. Kina namba, kama mfungwa. Sisi tukamwita Namba. Kila mwanakikundi amepanda matuta mawili uani kwake, moja la Mashavu na moja la Namba. Siku ya kuvuna tutapima, tutaonja, tutanyoosha mikono. Atakayeshinda ndiye atakayepandwa na kikundi kizima. Na akishinda Namba, mbegu itatolewa ofisini, kwenye magunia.

Umeelewa? Hakuna atakayepiga magoti kwangu. Nitabaki mimi na kimya. Kimya nakijua, nimekaa nacho tangu babu yako aondoke, na hakijui kusimulia.

Namba hatashinda. Nimemaliza.

Jumanne, 6 Mei

Leo nikutajie adui. Ni bibi yako mwingine, mama yake mama yako. Mkunga. Alistaafu hospitali lakini ukunga haujamstaafu. Ndiye aliyekwenda kumwomba bwana shamba hiyo Namba. Ati msimu ule wa mvua nyingi ukungu ulimlia Mashavu wake wote, majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto, akavuna viazi vya kujaza kofia. Nilimwambia wakati ule, na leo narudia: alimdekeza. Anasema na mimea yake kama wazazi walioko wodini. Anainama tutani anasema haya mama, pumua, usiogope, niko hapa. Kiazi gani kitazaa vizuri kinapoambiwa kisiogope?

Ua wake na wangu umetenganishwa na uzio wa miti tu. Asubuhi alichungulia akaniuliza, mkwe, Namba wako anaendeleaje? Nikamjibu anaendelea. Akasema wake ameanza kutoa maua. Nikasema maua hayaliwi. Akacheka. Ana kicheko kizuri, ndiyo maana kinaudhi.

Jioni nikaenda kuwatazama wangu. Mashavu, majani mapana, shina nene, anapendeza. Namba, majani mapana, shina nene. Nikamtazama sana. Naye kama ananitazama.

Jumatano, 7 Mei

Hila ya kwanza. Uvumi.

Nilianzia kwa Dereva, maana ukimwambia Dereva umeambia mtaa. Aliendesha malori maisha yake yote na mdomo wake hauna breki. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika, kwamba hiki kiazi cha Namba kinajaza tumbo gesi. Kwamba kuna mahali watu walikula wakashindwa kukaa chumba kimoja na ndugu zao.

Dereva akafikiri. Akaniambia yeye gesi amekuwa nayo tangu ujana bila msaada wa Namba, na kama kiazi ndicho kitabeba lawama kuanzia leo, basi amekipenda zaidi.

Nikaambulia patupu. Mbaya zaidi, mchana mkewe alipita kwangu kuniuliza kama nina mbegu ya ziada ya Namba.

Sikati tamaa. Uvumi ni kazi ya wavivu. Mimi nina mikono.

Ijumaa, 9 Mei

Hila ya pili. Kivuli.

Kiazi kinataka jua. Hilo halihitaji kituo cha wataalamu. Basi nilihamisha kamba ya nguo nikaifunga juu ya tuta la Namba, nikafua kila kilichofulika. Mablanketi yote. Mapazia. Lile koti zito la babu yako, likaning'inia katikati kama yeye mwenyewe amesimama kulinda. Namba gizani, Mashavu juani. Nikakaa kibarazani nikanywa chai yangu kwa utulivu.

Bwana shamba akatokea kukagua. Sikumtarajia. Amevaa mabuti safi, amebeba kalamu, anapiga hodi kwa adabu. Ni kijana mzuri, amekonda tu. Nikampa viazi vya kuchemsha vya Mashavu, sahani hadi juu, na chumvi. Akala yote. Nikamwongeza. Akala. Nikasema moyoni, huyu sasa ni wetu.

Akajifuta mdomo akaenda uani. Akasimama mbele ya mablanketi yangu. Nikasema ni siku ya kufua. Akasema vyema, akainua koti na mapazia, akaingia chini kama mtu anayeingia hemani. Kisha nikasikia sauti yake humo ndani ikisema kwamba ardhi hapa ina unyevu mzuri kuliko ua wowote aliokagua.

Maji ya mablanketi, mjukuu wangu. Yalikuwa yakichuruzika juu ya Namba tangu asubuhi.

Akaniomba nihamishe kamba. Nikahamisha. Akaondoka na viazi vya njiani kwenye mfuko, maana siwezi kumwacha mtoto wa watu aende na shavu limeingia ndani hivyo. Vita ni vita, njaa ni jambo jingine.

Jumapili, 11 Mei

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimepata.

Yale mablanketi yamenifungua akili. Ukungu unataka nini? Majani yaliyoloa. Msimu ule wa Mkunga mvua haikukatika, majani yakashinda yameloa, yakalala yameloa, ukungu ukaingia kama mwenye nyumba. Msimu huu mvua ni ya kuhesabika, ndiyo maana kila mtu ana bustani ya kujionea fahari. Namba anasifiwa ati anastahimili ukungu. Amestahimili nini? Hajakutana nao.

Basi nitamkutanisha nao.

Nimechukua kopo nikalitoboa chini kwa msumari, vitundu vidogo vingi. Alfajiri, kabla ya majirani kufungua madirisha, nanyunyiza Namba kichwani. Jioni tena, ili alale ameloa. Mashavu namwagilia miguuni tu, kwa heshima, kama nilivyomzoesha.

Nikajipiga kifua. Ofisi nzima ya kilimo haijafikiria hili.

Jumatano, 14 Mei

Nanyunyiza. Mgongo unauma, najikaza. Alfajiri kuna baridi, najifunga kanga mbili na soksi za babu yako. Kisima cha nguvu zangu ni hasira.

Namba ameloa kiasi kwamba vyura wawili wamehamia. Mmoja nimempa jina la Mkunga. Anakaa chini ya jani na kujishaua.

Leo Mkunga mwenyewe aliniona sokoni, akaniambia naonekana nimechoka, niende nikapimwe presha. Nikamwambia presha yangu haijawahi kuwa nzuri hivi. Akanitazama mikononi. Mikono ilikuwa bado na matope ya alfajiri. Nikaificha kwenye kikapu. Akaninunulia ndimu akaondoka. Nikazila, sikuona sababu ya kuziadhibu ndimu.

Jumapili, 18 Mei

Sijui niandike vipi.

Asubuhi niliinama kumkagua Namba, nikitafuta doa. Jani la juu, safi. Jani la chini, safi. Nikageuza, safi. Chura akaruka. Nikanyanyuka kupumzisha mgongo, nikaegemea upande wa Mashavu.

Mashavu ana madoa.

Ya kahawia, yenye ukingo kama yamelowa mafuta. Nikageuza jani. Chini kuna unga mweupe. Naujua unga ule.

Upepo! Mimi nilifikiria maji, sikumfikiria upepo. Kopo lile linanyunyiza kama mvua ya rasharasha, na alfajiri upepo unatoka upande wa Namba kwenda upande wa Mashavu. Kila nilichokuwa nampa mmoja nikawa nampa na mwenzake. Yule mmoja amezaliwa kwa kazi hiyo, anakunywa na kuniomba tena. Huyu mwingine, wangu, hana kinga hata kidogo.

Nikachuma majani yote yenye doa nikayachoma. Mchana nikachuma tena. Jioni nikaacha kuchuma, maana ningebaki na vijiti.

Nilikwenda chumbani nikainama nikatazama uvunguni. Makasha ni matupu, mbegu yote iko ardhini, kwangu na kwa wenzangu. Mashavu akifa msimu huu, hakuna mwingine mahali popote. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni. Si kwa kulia. Nilikuwa nimekaa tu.

Jumatatu, 19 Mei

Ukungu umevuka uzio. Mashavu wa Mkunga nao wameanza. Nimewaona kupitia uwazi wa miti, majani mawili matatu ya pembeni.

Namba wa pande zote mbili wamesimama wima, kijani, maua juu, kama wako harusini.

Asubuhi nilichukua mundu. Kiazi chenye ukungu kina dawa moja kwa mtu asiye na dawa: ukate majani yote na mashina mpaka chini kabla ugonjwa haujashuka kwenye viazi vyenyewe, uondoe kila kitu shambani, ufukie tuta vizuri, usubiri ngozi zikomae. Utavuna vidogo. Lakini utavuna.

Ni kazi ya kikatili. Nilimshika Mashavu shina la kwanza, mkono ukagoma. Nikashika tena. Ukagoma.

Geti likalia. Mkunga, na mundu wake, na gauni lake la kazi la zamani. Hakubisha hodi. Akapita mbele yangu, akainama upande wa pili wa tuta, akaanza kukata. Haraka, safi, kama mtu aliyekata vitovu vya nusu ya mji huu. Na kweli ndiye.

Tukakata mpaka katikati ya tuta. Ndipo nikamwambia asijisumbue, aende akakate wake. Akasema wake ameshakata alfajiri.

Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Mkwe, mimi maisha yangu yote nimeamshwa alfajiri. Ulifikiri kopo lako silisikii?"

Nikasimama na mundu. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini hakunizuia.

"Wewe umewahi kuzuiwa na nani?"

Nikakata shina. Nikamwambia basi afurahi, ameshinda, Namba wake amesimama na Mashavu ndiye tunayemzika, na wakati wa kupanda watu wote watakwenda ofisini kupanga foleni kwenye magunia, wala hatakuwapo wa kunisumbua.

Akaweka mundu chini. Akanyoosha mgongo, mkono kiunoni, uso umejaa matope. "Nilitaka kiazi ambacho hakitanifia. Sikutaka kukosa pa kupiga magoti. Nisipokuja kwako msimu wa kupanda, mwaka wangu nauanzia wapi?"

Nikamwambia afute pua, ina tope. Akafuta, ikazidi. Nikamfuta mimi kwa ncha ya kanga.

Tukamaliza. Tukabeba majani yote tukayachoma nyuma ya choo. Nikachemsha chai. Aliinywa kwangu, chumbani, tumekaa kitandani na miguu michafu. Hakusema lolote jingine juu ya kopo. Ndiyo maana nasema ana roho mbaya: mtu mwema angenitukana yakaisha.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya kuvuna. Kikundi chote uani kwangu, maana bwana shamba alitaka hivyo. Kwa nini alitaka hivyo, subiri.

Walianza na Namba. Mkunga ndiye aliyechimbua kwa mikono, hataki jembe liguse. Anaingiza vidole, anatikisa kidogo, anatoa kiazi kwa mikono miwili, anakifuta uso, anatangaza, mzima, mkubwa, mwingine anafuata. Dereva alikuwa anapiga makofi kila kinapotoka kimoja. Mwenyekiti anavipima kwa futi yake ya kushonea, kiuno na urefu, kama anavikatia suruali. Vikajaa beseni, vikajaa ndoo, vikaanza kupangwa chini.

Halafu Mashavu. Nikachimbua mwenyewe. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yangu machache yakalalamika. Udongo. Udongo. Kisha kikatoka chekundu, kidogo kama yai, kigumu, kisafi. Nikakikata. Ndani cheupe bila doa. Nikachimbua kingine. Safi. Vyote vidogo, vyote vizima. Vya Mkunga pia, alikuja navyo kwenye kikapu. Kwa wengine madoa hayakufika, walivuna kama kawaida.

Sufuria mbili zikapanda motoni, chumvi tu. Kwenye kuonja Mashavu alishinda mchana kweupe. Dereva alionja Mashavu, akaonja Namba, akaonja Mashavu, akaendelea kuonja mpaka mkewe akaondoa sufuria. Mwenyekiti akasema Namba si mbaya, ila ladha yake ni ya mtu ambaye bado hajazoea mji. Nikaketi vizuri zaidi.

Ndipo bwana shamba akasimama. Akasema kwenye nyua zote msimu huu hali ya hewa ilikuwa nzuri, kwa hiyo hakuna aliyejua kama Namba anastahimili ukungu kweli. Isipokuwa hapa. Hapa, akasema, kuna mwanakikundi mmoja ambaye kwa utaratibu wa kushangaza, asubuhi na jioni, alilowesha majani ili kuuleta ugonjwa makusudi na kukipima kiazi mpaka mwisho. Akasema huko kituoni wanafanya hivyo hivyo kwa mashine. Akasema ameambiwa na jirani. Akaniomba niwaeleze wenzangu lilinijiaje wazo hilo.

Watu wote wakanigeukia. Mkunga akapata kikohozi.

Mjukuu wangu, kuna wakati mtu anasema kweli, na kuna wakati mtu anainuka, anakunja kanga yake vizuri na kuheshimu hadhira. Nikainuka. Nikasema sikutaka wenzangu wapande kitu kwa kuambiwa tu. Nikasema niliamka na baridi kwa ajili yao. Nikasema mgongo wangu ni shahidi. Yote ni kweli, ukiyasikiliza moja moja.

Wakanipigia makofi. Dereva akasema kiazi kilichonistahimili mimi kitastahimili chochote.

Mikono ikanyooshwa. Namba akashinda. Karibu yote. Kwa Mashavu ulinyooshwa mkono wangu na, ajabu, wa Mkunga. Nikamkonyeza ashushe, hakushusha.

Halafu mwenyekiti akasema imebaki habari ya mbegu. Bwana shamba akasema ofisi ina magunia. Mkunga akasimama na kusema magunia yaozee huko huko. Mbegu inataka mahali pakavu, penye mwanga kidogo, na mtu mkali wa kuikagua kila siku na kutupa mbovu. Akasema mtaa huu una mahali pamoja tu pa namna hiyo, na kila goti hapa linapajua. Akasema pia tuta moja la Mashavu libaki katika kila ua, kwa ajili ya sufuria, na mbegu ilale pamoja.

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti alishika goti lake akasema wamekubali, yeye na goti.

Nikasema nitafikiria. Nikafikiria mpaka walipomaliza kunawa mikono, nikakubali.

Wamekaa mpaka giza likaingia. Niliwafukuza kwa ufagio. Hawakuogopa.

Jumatatu, 9 Juni

Uvungu umejaa. Mashavu upande wa kichwani, Namba upande wa miguuni, na kasha la Namba nimeligeuza namba itazame ukutani. Nitawakagua wote sawa. Kiazi chako kikishalala kwako, ni cha kwako, hata kama kilikuja kwa fujo.

Mkunga alikuja asubuhi kuhakikisha vimepangwa vizuri. Akapiga magoti, akachungulia, akanyanyuka na vumbi kichwani. Tukanywa chai. Tukaongea vizuri, kama watu.

Akiwa mlangoni ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba bwana shamba amemwahidi nyanya mpya. Imezalishwa na wataalamu hao hao. Hata ikipata maji mengi ghafla, ati, haipasuki. Ataipanda upande ule wa uzio, karibu na wangu, ili nami nijionee.

Nyanya! Na nyanya zangu mimi zina kasoro gani? Zinapasuka, ndiyo. Nyanya yenye utamu lazima ipasuke, ni utamu unatafuta njia. Nusu ya kikundi inachukua miche yangu.

Nimekaa jikoni nafikiri. Usidhani mimi ni mtu asiyejifunza, mjukuu wangu. Nimejifunza jambo kubwa kutokana na vita hii. Kosa langu lilikuwa moja tu: kopo. Kopo ni dogo, linapiga kelele, linarusha kila upande. Kazi kama hii haifanywi kwa kopo.

Kwa hiyo ukija, na uje kabla nyanya hazijaiva, usije na biskuti. Niletee mpira wa maji. Mrefu, wa kutoka bomba langu mpaka ng'ambo ya uzio na kidogo zaidi, na uwe wa kijani ili ulale kwenye majani bila kuonekana. Pitia mlango wa nyuma. Mkunga akikukuta njiani akakuuliza ni wa nini, msalimie kwa adabu, mbusu mikono, halafu mwambie bibi yako amezeeka, ndoo zinamuumiza mgongo.